Uzito wa Nyumba

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze, akiisha kuipita mizani ya Mikese ambapo malori hupanga foleni ndefu yakingoja kupimwa ekseli kwa ekseli, huiona milima ya Uluguru ikijitokeza mbele yake upande wa kushoto, miguu yake kijani na mabega yake buluu ya kiza, na kilele cha Lupanga, chenye kimo cha mita 2,138 juu ya usawa wa bahari, kimefunikwa wingu hata katika saa ambazo bonde lote linawaka jua. Magari yasiyofikia tani tatu na nusu hayalazimiki kupanda mizani hiyo. Basi nasi tulipita bila kusimama, mimi na mpwa wangu, katika Toyota HiAce kuukuu ambayo ndani yake mna kitanda, kabati, jiko la gesi, tangi la maji na betri za kuwashia taa, yaani nyumba kamili ya watu wawili iliyofungwa juu ya magurudumu manne. Sheria haikutaka kujua nyumba hiyo ina uzito gani. Milima ndiyo iliyotaka kujua, na makala haya ni habari ya jinsi ilivyotuuliza, upande wa Mgeta kwanza, kisha upande wa Matombo, na ya mafundi waliotusaidia kujibu.

Aghalabu mtu anunuaye gari kuukuu lililofanywa nyumba huuliza habari za injini: imekwenda kilomita ngapi, inakunywa mafuta kiasi gani, moshi wake una rangi gani. Ni maswali ya haki. Ila baada ya kuishi na gari hili kwa miaka nimeyakinisha kwamba maradhi yake mengi hayaanzii kwenye injini hata kidogo, bali huanzia nyumbani. Gari hupenda wepesi, hewa na ukavu. Nyumba hupenda vitu vizito, madirisha yaliyofungwa na maji yaliyo karibu na mkono. Kila starehe anayojiongezea mwenye nyumba huandikwa deni upande wa gari, nalo deni hulipwa na springi, na breki, na mabati ya bodi. Wala sipajui mahali katika Tanzania ambapo deni hilo hudaiwa upesi kuliko katika barabara za Uluguru, zinazopanda kutoka joto la mji wa Morogoro, ulio kiasi cha mita 500 tu juu ya bahari, hata baridi ya vijiji vilivyopita mita 1,500, kwa mwendo usiomaliza nusu ya siku.

Gari lenyewe ni la kizazi cha HiAce kilichoanza kutoka viwandani mwaka 1989, miaka ishirini na miwili baada ya HiAce ya kwanza. Injini yake ni ya dizeli, ile ambayo mafundi huitaja kwa jina fupi la 3L, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, haina tabo wala kompyuta, na imelazwa chini ya viti vya mbele hata dereva huketi karibu juu yake na kuusikia ujoto wake miguuni. Niliichagua kwa sababu moja iliyoshinda nyingine zote: ni ndugu ya daladala. Katika mji wowote wa Tanzania ambapo HiAce zimebeba abiria, kuna kijana ajuaye kuifungua giaboksi yake bila kutazama kitabu, na kuna duka lenye breki shuu zake, bushi zake, filta zake na mkanda wake wa taiming, ambao kiwanda kiliagiza ubadilishwe kila kilomita 100,000 na kikaweka taa mbele ya dereva ili kumkumbusha. Gari la fahari lililojengwa Ulaya kwa ajili ya kulala watu lina mapambo mengi kuliko hili. Likiharibika Mlali, mwenye nalo atangoja kifurushi kutoka ng'ambo, ilhali mwenye HiAce atangoja pikipiki kutoka Msamvu.

Liliingia nchini kama gari la mizigo, tupu. Nyumba ilijengwa Dar es Salaam na seremala ambaye mkono wake nausifu mpaka leo, kwani hakuna mlango wa kabati uliopata kukwama. Lakini alijenga kama anayejenga sebule, akatumia mbao za mninga, zenye rangi ya kahawia iliyoingia wekundu na mishipa ya kupendeza, nazo ni nzito.

Fundi wetu wa Morogoro ana gereji isiyo na ukuta, chini ya mwembe, si mbali na njia panda ya Msamvu ambapo barabara ya Dodoma na barabara ya Iringa huachana. Ni mtu mzima, mpole wa maneno, ambaye vijana wake humwita Mzee na kumpa spana kabla hajaitaja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Hii ni ya abiria au ni ya kulala?"

"Ni ya kulala, mzee wangu. Tunataka kupanda Mgeta, kisha tuzunguke Matombo."

"Basi tuanze na hiyo nyumba."

Nilitarajia ainue kiti na kuitazama injini. Yeye alifungua mlango wa nyuma, akafungua kabati moja baada ya jingine, akagonga ubavu wa tangi la maji kwa kifundo cha kidole, akauliza linachukua lita ngapi. Nikamjibu themanini, naye akasema kilo themanini. Akauliza habari za mtungi wa gesi, ambao ulikuwa ule mkubwa wa kilo 15, akakumbusha kwamba kilo hizo ni za gesi peke yake na chuma cha mtungi kina uzito wake. Akainua kona ya meza ya mninga kwa mkono mmoja, akairudisha taratibu. Kisha akachutama nyuma ya gari, akapima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, na upande wa kulia ukaonekana umeshuka kwa upana wa vidole vitatu, kwa sababu tangi na betri zote mbili zilikuwa zimewekwa upande huo huo, nyuma ya gurudumu.

Mpwa wangu akamwambia kwamba daladala za namna hii hubeba watu zaidi ya ishirini na mizigo yao, na nyumba yetu haifikii uzito huo.

"Kweli, kijana," alijibu fundi. "Lakini wale jioni wanashuka. Gari linalala tupu, springi inapumzika. Hawa abiria wenu hawashuki. Linalala na mzigo, linaamka na mzigo, mwaka mzima."

Naliona neno hilo ni ufunguo wa mlango mzima wa matengenezo ya magari haya, na sikupata kulisikia kwa wengi waliojifanya wajuzi. Chuma cha springi kilichopindwa muda wote hulegea hata kama mzigo haujapita kipimo. Mpira wa bushi uliobanwa muda wote hukakamaa. Tairi zinazosimama na uzito mahali pamoja hupata ubapa. Nikamwomba basi aongeze jani moja la springi kila upande, kama nilivyoona malori yakifanyiwa, naye akakataa, akanionyesha sababu kwa kidole. Juu ya ekseli ya nyuma, karibu na difu, pana valvu ndogo iliyounganishwa na mkono wa chuma, na kazi yake ni kupima jinsi bodi ilivyoikaribia ekseli: bodi ikishuka, valvu huelewa kwamba gari limepakia, ikaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda magurudumu ya nyuma; bodi ikipanda, huelewa kwamba gari ni tupu, ikaipunguza nguvu hiyo ili magurudumu yasikwame na kuteleza. Ukiongeza jani, gari litasimama juu kwa uzuri, na valvu itadanganyika kwamba ni tupu ilhali limejaa. Na mteremko wa Mgeta si mahali pa breki iliyodanganyika. Dawa yake ni kuondoa uzito kwanza, kuusawazisha pili, kisha, ikiwa haja ingalipo, kubadili springi na kuirekebisha valvu pamoja nazo.

Kazi ya siku ile ikawa breki. Alifungua ngoma za nyuma, akazisafisha, akabadili shuu; akatazama pedi za mbele akaziacha, kwa kuwa zilikuwa nzima, jambo ambalo lilinizidishia imani naye. Kisha akayamwaga mafuta yote ya breki, ambayo yalitoka na rangi ya chai ya rangi, akatia mapya ya daraja la DOT 4, akatoa hewa kwenye kila gurudumu kuanzia lile lililo mbali. Wenye magari wengi hungoja mafuta haya yapungue ndipo wayajali, hali ubaya wake si kupungua bali ni kunywa unyevu wa hewani. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Ikiisha kunywa maji ya asilimia chache, huweza kuchemka kwa nyuzi 155, na breki iliyoshikwa mfululizo mtelemkoni hufikia joto hilo bila taabu. Hapo maji ndani ya mafuta hugeuka mvuke, mvuke hubinywa ilhali mafuta hayabinyiki, na mguu wa dereva huzama hadi sakafuni bila gari kujali. Gari la kulala hupatwa na msiba huu kuliko mengine, kwani husimama wiki nyingi likivuta unyevu, halafu siku moja likatelemshwa mlima na mzigo wake wote. Morogoro ni mji uliompoteza mwanamuziki Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba katika ajali ya gari mwaka 1965, na mwanamuziki mwenzake Mbaraka Mwinshehe katika ajali nyingine huko Mombasa mwaka 1979. Wazee wa mji hawayataji mambo ya barabara kwa wepesi, wala fundi huyu hakuharakisha hata gurudumu moja.

Kabla ya kuondoka alikaza yuboliti zinazoishika springi na ekseli, akatuagiza tupande na tangi nusu, akatuelekeza kwa seremala mmoja aliye Mkuyuni, upande wa pili wa mlima, ambaye ndiye angeweza kuipanga nyumba upya. Kijana wake mmoja alikuwa tayari ameshika spana akitaka kuitoa themostati, kwa hoja iliyoenea sana katika nchi zenye joto kwamba injini bila kizuizi hicho hupoa vyema. Mzee alimzuia. Injini ya dizeli isiyo na themostati hupanda vizuri, lakini ikitelemka kwa muda mrefu bila kazi huwa baridi kupita kiasi, mafuta hayaungui sawasawa, na silinda hulika kabla ya wakati. Kilichotakiwa ni rejeta kuoshwa matundu yake kwa maji kutoka ndani kuelekea nje, na hilo likafanywa.

Njia ya Mgeta hufuata barabara ya Iringa, ikalipita bwawa la Mindu linaloupa mji maji, kisha karibu na Mzumbe huacha lami kuu ikaingia kushoto kuelekea Mlali, na baada ya Mlali huanza kupanda kwa nia. Hapo dereva wa injini iliyolala chini yake hujifunza kusikiliza kwa nyayo. Tulipanda kwa gia ya pili, mshale wa joto ukipanda robo kisha ukitulia, tukisimama kila palipo na nafasi ili malori ya mboga yapite, kwani wao ndio wenye barabara: kutoka Nyandira na Langali kabichi, viazi, karoti na njegere hushuka hadi Morogoro na Dar es Salaam, na mboga hazingoji. Tulipopumzika, injini haikuzimwa papo hapo. Iliachwa ikinguruma pole kwa dakika chache ili maji yaendelee kuzunguka, maana ukoo huu wa injini unajulikana kwa mafundi kwa kupasuka silinda hedi zikichemka, na huchemka zaidi baada ya kuzimwa ghafula kuliko zikiwa mwendoni.

Mashamba ya Mgeta yamekatwa ngazi ngazi juu ya miteremko ambayo mgeni angedhani ni ya mbuzi tu. Niliyatazama kwa heshima, nikikumbuka kwamba katika milima hii hii serikali ya kikoloni iliwahi kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya namna yake kila mahali, hata mwaka 1955 Matombo ikafanya fujo, damu ikamwagika na mpango ukaachwa. Si kwamba Waluguru hawakujua kuongoza maji, bali walijua kwamba udongo wa upande mmoja si udongo wa upande mwingine.

Usiku wa Nyandira mwezi wa Juni ni baridi ya kutetemesha meno kwa mtu wa pwani, na hapo nyumba hutaka haki yake: madirisha yafungwe, jiko liwashwe, chai ichemke. Nataka kusema neno juu ya hili kwa uzito, kwani ni jambo la uhai. Moto wa gesi au wa mkaa ndani ya chumba kilichozibwa huzaa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo sisi hupika mlango ukiwa wazi, na tukiisha kupika huufunga mtungi kwenye koki yake, wala hatuwashi kitu chochote kwa ajili ya kuota moto. Lakini hata kwa mwenye hadhari hiyo, moto wa gesi una madhara ya pili yasiyotajwa sana. Kila kilo ya gesi ikiungua huzaa mvuke wa maji wa kilo moja na nusu na zaidi, na pumzi za watu wawili waliolala huongeza wa kwake. Mvuke huo hupanda, hukutana na bati la paa lililopozwa na usiku, ukageuka matone, yakapenya nyuma ya mbao za dari, na hapo hukaa. Asubuhi tulibandua ubao mmoja wa dari tukakuta bati lina jasho na alama za kutu kama sarafu, mahali ambapo mvua haikupata kufika. Kutu hiyo ilitoka ndani, kwa pumzi zetu na kwa chai yetu. Tuliikwangua, tukaipaka rangi ya kuzuia kutu, na ubao ule hatukuurudisha, ili bati lipumue.

Sokoni nilimtazama utingo wa lori akipanga magunia ya viazi. Mazito aliyaweka chini na mbele, karibu na kibini, mepesi juu, na kila gunia la kulia alilipa mwenzake wa kushoto. Hakuwa na futi wala mizani, na alipomaliza lori lilisimama sawa. Nikamwuliza dereva wake hutelemkia gia gani, akanijibu kwa adabu kwamba hutelemka kwa ile aliyopandia, na breki huigusa kwa muda mfupi kisha huiachia ipoe, haikalii. Tukafanya vivyo hivyo hadi Mlali, na nilipozigusa ngoma za magurudumu kwa tahadhari zilikuwa na joto la kuvumilika.

Upande wa mashariki ni ulimwengu mwingine. Mawingu ya Bahari ya Hindi huugonga mlima upande huo kwanza, ukapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hata hakuna mwezi upitao bila mvua, ilhali mji ulio mgongoni kwake hukaa miezi mikavu. Barabara hutoka Bigwa, ikapita Kiroka, kisha Mkuyuni, hadi Matombo yenye misheni ya zamani ya Wakatoliki, na mbele yake Mvuha na Kisaki; na kando yake ni migomba, minazi, mipilipili manga, mikarafuu na mdalasini, hata harufu ya kijiji kimoja si ile ya kijiji kinachofuata.

Baada ya Kiroka, mahali ambapo mvua ilikuwa imechimba mfereji kuikata njia, tulisikia mlio mmoja mkavu nyuma, na gari likaanza kwenda ubavu, pua ikielekea huku na matako yakielekea kule. Mpwa wangu alishuka akachungulia, akasema, "Mjomba, ekseli imerudi nyuma." Boliti ya katikati ya springi ya kulia, ile inayoyabana majani pamoja na kuipa ekseli mahali pake, ilikuwa imekatika. Tuliitoa vipande vyake baadaye nikavitazama mwangani: nusu ya uso wa mkato ilikuwa nyeusi kwa kutu ya siku nyingi, nusu iking'aa kama fedha mpya. Yaani ufa ulikuwamo zamani, labda kabla gari halijawa langu, ukipanuka kidogo kidogo chini ya tangi na betri zilizokaa upande mmoja, na mfereji ule uliumalizia tu.

Tulikata matawi yenye majani tukayapanga barabarani nyuma yetu na mbele yetu, kama ilivyo desturi, ili kila ajaye ajue kuna gari limekwama. Lori la ndizi likasimama bila kuitwa. Utingo wake alitia jiwe nyuma ya tairi kabla hajatoa salamu, kisha akatusalimu, akatazama, akasema kijiji kilicho mbele kina fundi, akampigia simu. Fundi alikuja kwa bodaboda, kijana mwenye mfuko wa spana na boliti kadhaa za kuchagua. Kwanza alitutaka tuteremshe uzito: maji yote yakamwagwa, betri zikatolewa, mtungi ukawekwa kivulini. Jeki ikainua bodi, magogo mawili yakapokea mzigo ili jeki isiachiwe peke yake, yuboliti zikalegezwa, majani ya springi yakabanwa kwa kibano, boliti mpya ikapitishwa, na kichwa chake kikapunguzwa kwa tupa hadi kikaingia barabara katika tundu la ekseli. Mpwa wangu na utingo waliisukuma ekseli hadi mahali pake. Yuboliti zikakazwa kwa kupokezana, huku kidogo na kule kidogo, na kijana akatuagiza zikazwe tena baada ya kilomita chache, kwani majani hukaa upya yakiisha kuonja mzigo. Dereva wa lori alikataa fedha. Alikubali chai, tuliyoichemsha pale pale kando ya njia, mlango ukiwa wazi.

Seremala wa Mkuyuni, tuliyemfikia kwa mwendo wa pole, ni mzee anayeongea akiwa amefumba jicho moja kana kwamba anapima mstari. Nilimweleza habari ambayo naipenda sana katika historia ya magari haya. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kutengeneza vifaa vya kulalia katika gari la Volkswagen lililokuwa limeanza kuundwa mwaka mmoja kabla, na kifaa chao cha kwanza kilikuwa sanduku lenye makabati na malazi linaloingizwa na kutolewa, ili gari lifanye kazi ya mizigo siku za juma na kulaza familia siku za mapumziko. Waliofuata baadaye walizifunga nyumba ndani ya magari moja kwa moja, na watu wakasahau kwamba mwanzo wake haukuwa hivyo. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi Wajerumani waliijua springi." Akaomba boliti nane za kipimo kimoja.

Alichokifanya kwa siku alizokaa na gari letu ni hiki. Kabati la mninga alilivunja, na mbao zake akazinunua kwangu kwa bei nzuri; badala yake alijenga masanduku mawili ya plaiwudi ya milimita 9, yaliyotiwa fremu ya mgrevilea, jiko likakaa katika moja na nguo katika jingine, kila moja likishikwa na boliti nne zinazofunguka kwa spana moja. Tangi alilileta mbele ya ekseli, katikati, likalala chini kabisa. Betri zilihamia kushoto, na fundi umeme wa kijijini akarefusha waya na kuweka fyuzi karibu na betri yenyewe, si mbali nayo, kwani fyuzi iliyo mbali huuacha waya wote ulio nyuma yake bila mlinzi. Mtungi mkubwa niliuacha, nikachukua wa kilo 6, ukawekewa kisanduku chenye tundu sakafuni, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka chini. Mvua ilinyesha kila alasiri tukiwa kwake, nayo ilikuwa na faida yake, kwani ilituonyesha tundu la paa karibu na kibebeo cha mizigo. Mzee hakukubali lizibwe kwa silikoni juu ya kutu, ila likwanguliwe kwanza hadi bati jeupe lionekane, likauke chini ya turubai, ndipo lizibwe.

Siku ya kwenda Kinole, ambako barabara hupanda kwa ukali kutoka njia kuu hadi nchi ya migomba iliyokuwa makao ya ukoo wa machifu wa Kingalu, tulifungua boliti nne, tukaliacha sanduku la jiko katika ghala ya seremala, tukapanda na maji ya kunywa tu. HiAce ilikwea kwa gia ya pili mahali ambapo bila shaka ingelilia ya kwanza, na huko juu tulikula kwa mama ntilie, ndizi za kupika na maharage yenye nazi, bora kuliko chochote ambacho jiko letu limepata kutoa.

Tuliporudi Morogoro fundi wetu alichutama tena na futi yake, kulia kisha kushoto, na tofauti haikufikia upana wa kidole. Akakaza yuboliti, akairekebisha ile valvu kwa kimo kipya cha gari, akaturuhusu kuendelea na springi zile zile za zamani. Lililobaki ni tundu la kupitisha hewa juu ya jiko. Amekataa kulikata kabla ya fundi bati wake kupata mpira unaofaa wa kuzingira kifuniko, kwa kuwa paa lililotobolewa bila mpira mzuri litavuja masika ya kwanza. Nimekwisha kuuagiza mpira huo Kariakoo, na ukifika utakwenda kwake kwa basi la asubuhi.